Kivumbasi cha Mlangoni

Kivumbasi hakipendi kubembelezwa. Kipande penye jua, kwenye udongo mkavu wenye changarawe, kisha kisahau. Baada ya misimu miwili kitakuwa kimekupita kimo, na kila atakayekigusa kwa nguo ataondoka na harufu yake mpaka kwake. Mbuzi hukionja akakiacha. Mbu hawakitaki, na wadudu wa mahindi wanakikimbia ghalani. Kiangazi kikaze mpaka magugu yageuke vumbi, chenyewe kinajikunja majani kidogo tu, kinangoja. Nimekipanda kwenye nyumba zote nilizoishi tangu niolewe, na watu huniuliza siri yangu. Siri yangu ni kwamba sikipi kitu.

Wanacheka nikisema hivyo. Wanadhani ni utani wa kizee mwenye ulimi mkali. Ulimi mkali ninao, sikatai, ila hapo huwa sitanii.

Nilizaliwa Njombe kabla ya vita vya Hitla, katika nyumba ya Walutheri waliokaa kanisani kwa kufuata umri, bibi yangu akiwa benchi la mbele. Alikuwa mama mzazi wa baba yangu, mjane, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. Alizaliwa upande wa Igwachanya, kule chini kwenye joto na miiba, akaolewa huku juu angali msichana. Hakuacha kulalamikia baridi yetu. Alisema Njombe ni mahali ambapo hata moto unaota moto.

Mama yangu alitoka kwa Wakatoliki, kijiji kilichoshikana na misheni. Alipoolewa na baba alihamia kanisa letu, akafunzwa nyimbo zetu, akaziimba vizuri kuliko waliomfundisha. Lakini akishtuka, mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye paji la uso kufanya ishara ya msalaba. Bibi alikuwa akiungoja mkono huo. "Mkono wako unatafuta nini hapo juu?" angemuuliza, mbele ya wageni. Mama alikuwa amezaa watatu na kubaki na mmoja, mimi, msichana. Juu ya wale wawili waliokufa wachanga bibi alikuwa na maneno yake, aliyoyasema huku akichambua maharage: "Wale walikuwa na akili. Walimwangalia mama yao, wakageuka."

Bibi alikuwa amemchagulia baba mke mwingine tangu zamani, binti wa rafiki yake wa kanisani. Baba alimkatalia. Hilo hakumsamehe mtu yeyote, na kwa kuwa mwanawe alimpenda, deni lote alilibeba mama.

Nilipokuwa na miaka saba baba alikwenda manamba. Lori lilikuja kuchukua wanaume wa kupeleka Tanga kukata mkonge, nasi tulimsindikiza mpaka lilipoegeshwa, yeye akiwa na blanketi na kifurushi cha mahindi ya kukaanga. Mama hakulia. Bibi alilia kwa sauti, akashikwa na watu wawili, na lori lilipokata kona akajifuta, akasema viazi vitaungua jikoni, turudi.

Siku ya tatu akatokea mbele ya nyumba yetu na mche wa kivumbasi. Aliutoa kwa mwanamke mmoja wa kwao aliyekuja sokoni, ukiwa na udongo wake ndani ya kipande cha gunia. Akauchimbia shimo mwenyewe kando ya mlango wa mama, pale ukuta ulipokinga upepo, na alipomaliza kushindilia udongo akamwita mama.

"Kwetu," alisema, "mwanamume akisafiri, mke hupandiwa kivumbasi mlangoni. Mke akitulia, kinanukia. Mke asipotulia, kinakauka. Mti hausemi uongo, mkwe wangu."

"Sawa, mama," mama alijibu. Angejibu nini? Mchungaji angesikia jambo hilo angekasirika, lakini hakuna aliyempelekea habari, kwa sababu kila mtu mtaani alitaka kuona mwisho wake. Nimekwisha kuuliza wazee wengi wa upande wa Igwachanya kuhusu desturi hiyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia. Bibi aliitunga akiwa njiani kutoka sokoni.

Basi, maisha ya mama yakafungwa kwenye kichaka. Kikikauka, angerudishwa kwao, na mimi ningebaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba. Hilo nililijua kama nilivyojua jina langu. Watoto wenzangu walinikumbusha kwa wimbo.

Kumbe kivumbasi kilipapenda mahali pale. Baridi ya mwezi wa saba ilikichoma ncha mbili tatu, kikanyamaza, kikashika. Mwezi wa nane kilianza kutoa matawi. Wanawake waliopita kwenda kisimani walikisugua kwa kiganja, wakanusa, wakamsalimu kwa kwetu, "Kamwene, mama, mlango wako unanukia." Waliokuwa na mafua waliomba majani ya kujifukizia. Mama akaanza kuinua kichwa. Nguo zake zilinukia, nywele zake zilinukia, nami nikilala ubavuni mwake nilikuwa naisikia harufu ile mpaka usingizi unichukue. Siku moja alifanya jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, alimtania bibi. "Mama," alisema akicheka, "kivumbasi chako kinanisifu kila asubuhi."

Bibi naye alicheka. Nakumbuka meno yake.

Kesho yake aliniita nyuma ya ghala. Alinipakata, jambo ambalo naye hakuwa na kawaida nalo. Akaniuliza kama nampenda mama yangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nimeona jinsi kiangazi kinavyoanza kukaza. Nikasema ndiyo. "Mama yako ana kazi nyingi," akasema, "na kile kichaka kikifa unajua yatakayompata. Wewe ni msichana mkubwa sasa. Kimwagilie, asubuhi na jioni, maji mengi. Usimwambie mtu, hata yeye, ili aone tu kinastawi, afurahi."

Nilimwona bibi yangu siku ile kuwa mtu mwema aliyekuwa amejificha. Nilimbusu mkono.

Inabidi nieleze kwamba sisi wa Njombe ni watu wa vinyungu. Kiangazi, milima ikikauka, tunashuka bondeni kulima matuta kwenye udongo mweusi uliolowa, na huko tunapata mahindi mabichi na maharage wakati wengine wanatazama mawingu. Mtoto wa kwetu hujua kuelekeza maji kabla hajajua kusoma. Mmea ukinyong'onyea, mpe maji. Ukizidi kunyong'onyea, zidisha maji. Hapakuwa na mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuona maji yakiua kitu, ila mtu aliyetumbukia mtoni.

Nikafanya kazi hiyo kama nilivyofundishwa vinyunguni. Nilichimba bakuli kuzunguka shina ili maji yasikimbie, nikalifunika kwa nyasi kavu mama asione. Asubuhi alipokwenda kuni nilimwaga makopo manne. Jioni alipokuwa jikoni nilimwaga mengine manne. Udongo wetu ni mwekundu, mzito, unashika maji kama chungu. Baada ya juma moja majani ya chini yakawa njano. Niliogopa, nikafanya makopo sita. Yakaanza kudondoka. Nikafanya manane. Nilikuwa naomba Mungu huku namwaga, tena nikaomba kwa kanisa letu na kwa kanisa la zamani la mama, kwa kufanya msalaba, nisije nikamkosa anayesikiliza. Matawi yakalegea, yakawa meusi, na harufu ile nzuri ikageuka harufu ya shimo. Bibi alipita kila siku. Alikuwa akiinama, akigusa nyasi kwa ncha ya fimbo, kisha ananikonyeza.

Jumapili moja baada ya ibada alimwita baba mkubwa, kaka wa baba yangu, pamoja na mke wake. Wakasimama mbele ya mlango wetu na nguo zao za kanisani. Kivumbasi kilikuwa fimbo nyeusi. Bibi alikionyesha tu kwa kidevu.

Mama alipiga magoti. Akafukua nyasi, akatia vidole kwenye udongo, akavitoa vikiwa na matope. "Mbona kimelowa?" akauliza. "Nani amekuwa akikimwagilia?"

Bibi alinyamaza. Ningeweza na mimi kunyamaza. Lakini nilidhani nina la kumwokoa mama, nilidhani wakijua jinsi tulivyokitunza watatuhurumia, kwa hiyo nikatoka mbele, nikasema kwa sauti, "Mimi. Kila siku, asubuhi na jioni. Sikuacha hata siku moja."

Baba mkubwa akashusha pumzi. Mke wake akaziba mdomo kwa kanga. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimekosea, ingawa sikuelewa nimekosea nini.

"Mmesikia wenyewe," bibi alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Kimepewa maji kila siku, tena na mtoto asiye na hila, na bado kimekufa. Mimi simfukuzi mtu. Mti ndio umesema."

Mama alijitetea, alisema hajamjua mwanamume mwingine tangu azaliwe. Mkono ulimwendea kwenye paji la uso. Baba mkubwa alipouona akageuza macho, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Mchana ule ule mama alifunga blanketi, sufuria yake moja na kibuyu. Watu walisimama njiani kumwangalia, wengine wao ni wale wale aliowapa majani ya mafua. Nilimfuata mpaka kwenye mianzi, baba mkubwa akanishika bega, nisivuke.

Mama alirudi hatua mbili. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, mikono ambayo bado ilikuwa na matope.

"Ulifanya vizuri kukimwagilia," aliniambia. "Asante, mwanangu."

Jioni bibi alinipa kibonge cha sukari guru. Nilikila chote. Nalisema hili kwa sababu nimeshasoma habari za watoto wanaokataa chakula kwa uchungu. Mimi nilikula, na kilikuwa kitamu, na nililamba vidole.

Baba alirudi baada ya miaka miwili na kikohozi na sanduku la bati. Aliambiwa habari, akakaa kimya siku mbili, kisha akaoa binti wa rafiki wa mama yake. Mama alipata kazi ya kupika misheni kwao. Nilimwona mara mbili tu, mara zote mbili kwa kutoroka, na mara zote mbili nilichapwa. Aliugua kifua msimu mmoja wa baridi. Habari zilinifikia alipokuwa amekwisha kuzikwa.

Niliolewa Makambako. Mume wangu alikuwa nyapara wa barabara, mtu mpole aliyelipwa kukaripia wengine, akarudi nyumbani amechoka kwa kazi hiyo. Makambako ni upepo na vumbi. Ukianika nguo nyeupe, unaianua ikiwa na rangi ya njia. Juma la kwanza nikienda dukani niliona kando ya barabara, kwenye changarawe iliyomwagwa na wafanyakazi, kichaka kirefu kilichofunikwa vumbi mpaka huoni kijani. Nilipita nikakigusa bila kukusudia. Harufu ikanijia, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina.

Nilichimbua mche mdogo uliokuwa pembeni, nikaupanda karibu na mlango wangu. Kila jioni niliupa maji niliyooshea vyombo. Jirani yangu, mwanamke aliyezaliwa hapo hapo, alinitazama siku tatu, ya nne akashindwa kuvumilia.

"Shoga, unafanya nini? Hicho ukikipa maji unakizika."

"Maji yanakiua?"

"Mizizi inaoza. Hata mtoto mdogo anajua."

Nilikaa chini, kwenye vumbi, na kopo mkononi. Jirani alidhani nina mimba, akaniletea kiti. Na kweli nilikuwa nayo.

Tangu siku ile nilikuwa na swali moja. Bibi alijua au hakujua? Alizaliwa upande huu wa chini, kivumbasi kinakoota chenyewe. Lakini aliondoka msichana, pengine alisahau, pengine kule Njombe alikuwa amegeuka mtu wa vinyungu kama sisi. Mtu akitaka kuendelea kuishi hujitafutia "pengine" nyingi. Nilimwachia nafasi hiyo karibu miaka minane, na miaka hiyo yote kivumbasi changu kilikua bila tone la maji yangu, kikapita dirisha.

Kisha bibi aliletwa kwangu. Baba alikuwa amekufa, na yule mkwe aliyemchagua mwenyewe alikuwa amemchoka. Alimtoa nje ya nyumba kila asubuhi na kumsahau huko. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa. Bibi alishuka kwenye lori la ngano akilalamika kwamba dunia haina shukrani. Macho yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, haoni ila mwanga. Mume wangu alisema ni mzee wetu, tumpokee. Nikampokea. Alinusa hewa mlangoni, akatabasamu. "Kwetu kabisa hapa," akasema. Nilimtandikia mkeka kando ya kivumbasi, na hapo ndipo alipokaa siku zote, akifikicha jani kati ya vidole.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Walipendana mara moja, kitu kilichoniudhi kuliko ningeweza kumwambia mtu. Bibi alimsukia mikeka ya wanasesere, akamsimulia hadithi, akacheka naye kwa meno matatu yaliyobaki. Sikumkumbuka hata siku moja akinichekesha mimi. Nilikuwa nampikia uji, namwogesha, namkata kucha. Nilifanya yote bila kukosea hata moja, na bila neno la ziada.

Siku moja ya mwezi wa tisa, mchana, nilikuwa napepeta mahindi uani. Mtoto, kwa kuona majani yalivyojikunja kwa kiangazi, akachota kopo la maji akakimwagia kivumbasi. Bibi alisikia sauti ya maji yakigusa ardhi. Akauinua mkono haraka, kama mtu anayezuia mtoto asiguse moto.

"Acha, mjukuu wangu. Usikipe maji. Kivumbasi kinaoza kwa maji, kinakufa kabisa."

Nikaweka ungo chini.

"Bibi," nilimuuliza, "hilo umelijua tangu lini?"

"Aa, tangu mtoto kama huyu," alijibu kwa furaha. "Nani wa kwetu asiyejua?" Ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe. Vidole vikaacha kufikicha jani. Mtoto alituangalia, huyu na huyu, akingoja mmoja wetu aseme. Nilichukua ungo nikaendelea kupepeta mpaka jua lilipozama.

Juma zima niliwaza, na sitajidai kwamba niliwaza msamaha. Siku ya nane, mtoto akiwa shuleni, nilipika maji ya sima, yakachemka, nikayatoa nje nikayamwaga yote kwenye shina la kivumbasi. Bibi alikuwa amekaa mkekani, hatua mbili. Mvuke ulipanda. Nilirudi ndani nikateleka mengine, nikamwaga tena.

Siku tano baadaye kilikuwa kimekauka mpaka juu. Nilisimama mbele yake.

"Bibi, kivumbasi kimekufa."

"Najua," alisema. "Siku ile kilinuka kama mboga jikoni."

Kisha akauliza, "Unanifukuza?"

"Mimi simfukuzi mtu," nikamjibu. "Mti ndio umesema."

Nilikuwa nimeyabeba maneno hayo zaidi ya miaka ishirini, na nilidhani yakitoka nitapumua. Hakulia wala hakubisha. Alipapasa mkeka mpaka akaipata fimbo yake, akasema, "Basi nifungie mzigo wangu." Mume wangu nilimwambia kwamba bibi ameomba mwenyewe kwenda kwa mjukuu wake wa kiume, mtoto wa baba mkubwa, anayekaa Mjimwema. Aliniamini. Ni mtu aliyeniamini maisha yake yote.

Kesho yake tulikuwa barabarani tukingoja lori, bibi, mimi na mtoto. Mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi na hataki kushikwa. Lori liliposimama, dereva akaja kumwinua bibi, ndipo mtoto akamkumbatia miguu.

"Nisamehe, bibi. Ni maji yangu. Nilikimwagilia mara moja tu, sikujua."

Nilimsikia. Nilikuwa nimeshika mzigo, na kila neno nilikuwa nalijua, nilikuwa nimewahi kulilia mwenyewe, nyuma ya ghala, peke yangu. Mdomo ulikuwa wangu, jibu lilikuwa langu. Bibi alinigeuzia uso wake, macho yale meupe, akangoja. Alingoja muda mrefu mpaka dereva akakohoa. Nilikuwa nakaza fundo la mzigo.

Basi aliinama yeye, akapapasa kichwa cha mtoto. "Si maji yako, mjukuu wangu. Kopo moja haliui kitu. Wewe hukukosa."

Maneno machache hivyo. Mimi hakunipa hata nusu yake.

"Kimekufa kwa nini, basi?" mtoto akauliza.

"Muulize mama yako," bibi alisema, akapandishwa juu ya magunia. Hakuzifikia mvua za kwanza, alikufa huko.

Lori likaondoka na vumbi lake. Tulipokuwa tunarudi mtoto alinivuta kanga, akaniuliza. Nilimwambia ni upepo. Upepo wa Makambako ni mbaya, nikasema, unakausha kila kitu. Alifikiri kidogo, akanishika mkono, akaniamini.